Kusukuma, kuvuta au kubinya: kuchagua tapu ya mashine

Ukisimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya karakana, Gerezani ya Dar es Salaam kwa mfano, ukasema unataka tapu ya M8 ya kutumia kwenye mashine, yaani kifaa cha kutengeneza hesi (meno ya parafujo) ya kipenyo cha milimita 8 ndani ya tundu, muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kwanza: tundu lako lina kitako au limetoboka hadi upande wa pili? Asiyejua atakupa iliyo karibu na mkono wake. Zinaweza kuwa nne pale kwenye droo, zote zimeandikwa M8 x 1.25, zote zinatoa hesi ya parafujo ile ile, na bado tatu kati yake hazifai kwa kazi uliyoiacha imebanwa kwenye jiliwa.

Zitazame kwa macho kwanza. Ya kwanza ina mifereji iliyonyooka kutoka juu hadi chini, hiyo nitaiita tapu nyoofu. Ya pili nayo ina mifereji iliyonyooka, lakini ukiikagua nchani utaona kila mfereji umechongwa mshazari kuelekea mbele, kama ncha ya kalamu ya mwanzi. Hiyo ni tapu ya kusukuma. Ya tatu mifereji yake imejisokota kama ya keekee ya kawaida, nayo ni tapu ya kuvuta. Ya nne haina mifereji kabisa, au ina mikwaruzo myembamba tu ya kupitishia mafuta, na ukiitazama kwa mbele utaona si duara kamili, ina pembe pembe zilizoviringwa. Hiyo haikati kitu. Inabinya chuma mpaka kiingie kwenye umbo la hesi.

Majina haya ya kusukuma, kuvuta na kubinya nimeyazoea kwa sababu yanasema moja kwa moja maranda ya chuma yanakwenda wapi. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo. Watu wengi huanza na bei, wengine huanza na rangi ya dhahabu. Mimi naomba uanze na maranda.

Nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na kazi mbili kwa wiki moja. Ya kwanza ilikuwa sahani za chuma laini za unene wa milimita 12, matundu ya M10 yaliyotoboka. Nikatumia tapu ya kusukuma, na ilikwenda kama maji: maranda yakashuka chini yamejiviringisha marefu marefu, sikusimamisha mashine hata mara moja. Nikafurahi, nikanunua ya aina ile ile ya M8 kwa kazi ya pili, ambayo ilikuwa vifuniko vya pampu vya stenlesi, matundu yenye kitako. Tundu la kwanza lilipita. La pili nikasikia mashine inanguruma kidogo. La tatu tapu ikakatika ndani, chini ya uso wa kifuniko, nikabaki na shina mkononi. Tapu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa: ilisukuma maranda mbele. Mbele kulikuwa na kitako, maranda yakajikusanya, yakashindiliwa, na tapu ilipoyafikia haikuwa na pa kwenda.

Tapu iliyokatika ndani ya stenlesi haitobolewi kwa keekee, kwa kuwa keekee yako na tapu vimetengenezwa kwa feleji ya ugumu ule ule. Ilibidi kifuniko kipelekwe kwa wenye mashine ya kuchoma chuma kwa cheche za umeme. (Ingekuwa alumini kuna njia ya zamani inayofanya kazi kweli: unachemsha kipande kwenye maji yaliyoyeyushwa shabu, ile ya kutulizia tope kwenye maji ya kunywa. Polepole inaila feleji ya tapu na kuiacha alumini salama.)

Kusukuma na kuvuta, uso kwa uso

Kwa tundu lililotoboka, tapu ya kusukuma ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusita. Kwa kuwa mifereji yake haina haja ya kubeba maranda, huchongwa mifupi na ya kina kidogo, kwa hiyo moyo wa tapu unabaki mnene. Inavumilia mwendo, na inavumilia hata kishikio kisicholingana vizuri sana. Tapu ya kuvuta ni kinyume chake. Mifereji yake mirefu iliyojisokota imeula mwili, makali yake ni membamba, na ikiingia kwa kupinda hata kidogo huanza kumeguka jino moja moja. Kwa hiyo kuitumia kwenye tundu lililotoboka kwa sababu tu ndiyo iliyopo ni kukubali udhaifu bila faida.

Ila kuna tundu moja lililotoboka ambalo sikushauri kulisukumia maranda: lile linalofungukia kwenye njia ya mafuta. Bloku la haidroli, kifuniko cha injini, mwili wa giaboksi. Kwa macho unaona tundu wazi, lakini maranda yote uliyoyasukuma yanalala mahali ambapo hutayaona tena mpaka pampu ianze kulia. Hapo tumia ya kuvuta, utoe uchafu kupitia mdomo ulioingilia.

Kwa tundu lenye kitako, ya kuvuta ndiyo yenye kazi. Zile zilizosokotwa kwa nyuzi 40 hadi 45 hupandisha maranda ya chuma laini na stenlesi hata kwenye kina cha mara mbili na nusu ya kipenyo. Ubaya wake ni kwamba maranda hayo marefu hujifunga kwenye shina kama uzi kwenye kibiringo, na usipoyaondoa kabla ya tundu linalofuata, yataingia tena na kubana. Vijana wengi hapa huleta tabia ya tapu ya mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Usifanye hivyo na tapu ya kuvuta. Ukirudi nyuma katikati ya kazi, uranda unaingia chini ya kali na kali linamegeka. Iache iende mpaka mwisho, halafu igeuze itoke.

Tofauti nyingine isiyozungumzwa sana ni urefu wa mteremko wa nchani, yaani idadi ya meno yaliyochongwa kidogo kidogo kabla ya kufikia jino kamili. Kwa hesabu ya viwango vya Kijerumani, tapu ya kusukuma huwa na umbo B, ambalo ni meno 3.5 hadi 5.5 ya mteremko. Ya kuvuta huwa na umbo C, meno 2 hadi 3. Lipo pia umbo E la meno 1.5 hadi 2, kwa matundu ambayo hesi lazima ikaribie kabisa kitako. Mteremko mrefu hugawa kazi kwa meno mengi, kwa hiyo tapu hudumu. Mteremko mfupi huwaachia meno wawili watatu mzigo wote. Kwa M8 yenye hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.25, meno matatu ni milimita 3.75. Maana yake ni kwamba ukitaka hesi kamili ya kina cha milimita 16, toboa angalau 20 au 21. Fundi anayetoboa 16 kamili kisha anailaumu tapu kwa kukatika anaionea.

Ile nyoofu, usiitupe

Kwa chuma cha kusubu, kile tunachokiita kasti, na kwa shaba ya njano, maranda hayajiviringishi. Yanatoka kama unga au chenga. Unga hausukumwi wala hauvutwi, unahitaji nafasi tu ya kukaa, na mifereji iliyonyooka inautosha. Kwenye vyuma hivi ya kuvuta haikusaidii kitu. Kwenye shaba ya njano inaweza hata kujivuta yenyewe ndani kwa kasi kuliko hatua ya hesi, ikakuachia hesi pana inayochezacheza. Kwa nyumba za beringi na pampu za kasti, tapu nyoofu yenye mteremko wa meno 2 hadi 3 inafanya kazi hiyo kwa bei ndogo na kwa usafi.

Tahadhari moja: isichanganywe na seti ya mkono ya vipande vitatu. Seti ile imegawa ukataji kwa hatua, cha kwanza kina mviringo mmoja kwenye shina, cha pili miwili, cha tatu hakina. Tapu ya mashine hukata yote kwa pita moja. Ukikifunga kile cha tatu kwenye mashine na kukiingiza kwenye tundu tupu, unakipa mzigo wa wenzake wawili.

Kubinya: nzuri sana, kwa anayeiweza

Tapu ya kubinya inavutia kwa sababu inaondoa tatizo lote la maranda. Hakuna uchafu, tundu liwe na kitako au lisiwe nacho. Haina mifereji, kwa hiyo ni nene na ngumu kukatika. Hesi inayotoka ina uso laini, na chembe za chuma zimejipinda kufuata meno badala ya kukatwa, jambo linaloipa nguvu. Kwa alumini, shaba nyekundu na chuma laini, kama unatengeneza vipande mia kwa wiki na mashine yako ina nguvu, ningekuambia uichukue leo.

Lakini masharti yake ni magumu kuliko wauzaji wanavyosema. Kwanza, chuma lazima kikubali kutandazwa. Kasti haikubali, wala shaba ya njano iliyo kavu, inayovunjika bila kunyumbuka. Pili, inahitaji nguvu ya kuzungusha kubwa zaidi kuliko tapu ya kukata, na mafuta mazuri bila kukosa. Keekee ndogo ya mezani itakwama. Tatu, na hapa ndipo watu huumia, kipimo cha tundu ni kingine kabisa. Kwa tapu ya kukata unatoa hatua kwenye kipenyo: M8 toa 1.25, unapata 6.75, unatumia keekee ya 6.8. Kwa tapu ya kubinya unatoa nusu ya hatua tu, kwa hiyo M8 ni 7.4, M6 ni 5.55, M10 ni 9.3. Kosea kwa sehemu ya kumi moja ya milimita upande wa chini, tapu inakaba. Upande wa juu, meno hayajai. Keekee zetu nyingi tulizozinoa kwa mkono kwenye jiwe hazitoboi kwa usahihi huo.

Na kuna jambo la usafi. Juu ya kila jino lililobinywa hubaki mfereji mwembamba, pale chuma kilipopandia kutoka pande mbili bila kukutana sawasawa. Kwa mabano ya gari haina neno. Kwa vifaa vya maziwa au vya dawa, uchafu hukaa humo, na mimi singeiweka hapo.

Tundu kabla ya tapu

Vipimo vya tapu za kukata ambavyo fundi anapaswa kuwa navyo kichwani ni vichache: M4 toboa 3.3, M5 toboa 4.2, M6 toboa 5, M8 toboa 6.8, M10 toboa 8.5, M12 toboa 10.2, M16 toboa 14. Lakini hivyo si amri. Kiwango cha kawaida cha 6H kinaruhusu kipenyo cha ndani cha M10 kiwe kati ya 8.376 na 8.676. Kwa hiyo kwenye stenlesi mimi natoboa 8.6 badala ya 8.5, na bado nimo ndani ya kipimo. Sehemu hiyo ya kumi ya milimita inapunguza mzigo wa tapu kiasi cha kusikika kwa sikio. Kabla hujanunua tapu ghali zaidi kwa ajili ya stenlesi, jaribu kwanza keekee hiyo ya 8.6 na mafuta halisi ya kukatia badala ya maji meupe, yaani mafuta yaliyochanganywa na maji.

Kwa vipande vitakavyopakwa zinki baada ya kukatwa hesi, nunua tapu ya 6G, inayotoa hesi pana kidogo, badala ya 6H, kwa sababu zinki itakula nafasi.

Feleji na rangi

Sasa ndiyo tuje kwenye maandishi ya shina. HSS ni feleji ya kawaida ya kukatia kwa mwendo, inatosha kwa chuma laini, alumini na shaba. HSS-E ina kobalti, mara nyingi karibu asilimia 5, nayo hustahimili joto zaidi. Kwa stenlesi ninaiona ya lazima. HSS-PM hutengenezwa kwa unga wa feleji ulioshindiliwa, chembe zake ni ndogo na zimesambaa sawa, kwa hiyo ni ngumu bila kuwa ya kuvunjika upesi. Nzuri, lakini kwa karakana yenye keekee ya kusimama tu hutaiona faida yake yote. Kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko feleji, ni ya mashine imara za CNC (zinazoongozwa na kompyuta), hasa kwenye kasti na alumini yenye silikoni nyingi. Kwenye mashine inayotetemeka inapasuka kama kigae.

Rangi ya dhahabu ni titani naitraidi. Inapunguza msuguano na inazuia kuchakaa, ila haigeuzi tapu mbovu kuwa nzuri. Nyeusi ni ya kuchomwa kwa mvuke, inashika mafuta na kuzuia chuma kushikamana na kali. Naipenda kwenye chuma laini na stenlesi. Kwa alumini chukua isiyopakwa, yenye uso mng'aavu, maana ile nyeusi alumini huinatia.

Maandishi ya HSS hupigwa hata kwenye feleji ya kawaida ya kaboni, na hilo limewaumiza wengi. Njia ya kukagua ni jiwe la kunolea: gusa kidogo tu mwisho wa shina. Feleji ya kaboni hutoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama nyota. HSS ya kweli hutoa cheche chache, nyekundu au za rangi ya chungwa, zisizopasuka sana. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kujaribu moja kabla ya kununua kumi.

Mashine yako inaruhusu nini

Hesabu ya mwendo ni rahisi. Kwa chuma laini na tapu ya HSS, mita 12 kwa dakika ni mwendo wa salama, ambao kwa M10 ni karibu mizunguko 380. Kwa stenlesi shuka hadi mita 6, ambazo kwa M8 ni karibu mizunguko 240. Keekee nyingi za mezani haziendi chini ya 400 au 500. Kama yako ni hiyo, basi kwa stenlesi hakuna tapu ya kukuokoa. Zungusha kwa mkono huku spindo, ule mhimili wa mashine unaozunguka, ikikunyooshea njia.

Kama mashine haiunganishi mzunguko na mwendo wa kushuka, nunua kishikio chenye springi kinachocheza juu na chini. Ningetanguliza kishikio hicho kabla ya tapu yoyote ya bei kubwa. Kagua pia shina kabla ya kulipa: tapu ya M10 ya kiwango cha Kijerumani DIN 371 ina shina la milimita 10, ile ya Kijapani ina 7. Kishikio cha moja hakiishiki nyingine. Kuanzia M12 utakutana zaidi na DIN 376, ambayo shina lake ni jembamba kuliko hesi ili tapu iweze kuzama kwenye tundu refu.

Na hesi yenyewe, je, ni ipi? Karakana zetu zinapokea kila kitu. Magari ya Kijapani yana M10 x 1.25 mahali ambapo tapu ya dukani ni M10 x 1.5. Mashine za zamani za Kiingereza zina hesi ya Whitworth, iliyopangwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, yenye pembe ya nyuzi 55, wakati metriki na za Kimarekani ni 60. Nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani 13. Bolti itaingia mizunguko miwili, itabana, na mtu atachukua spana ndefu. Pima kwa geji ya hesi kabla ya kununua chochote. Za mabomba za Kiingereza nazo ni nyuzi 55, usizichanganye na hizi za bolti.

Kwa kuanzia

Kama ningefungua karakana yenye keekee ya kusimama na mashine ya kukereza, fedha ni chache, ningenunua za kusukuma M6, M8, M10 na M12, zote HSS-E zilizochomwa kwa mvuke. Za kuvuta ningechukua M6, M8 na M10 za feleji hiyo hiyo, mbili mbili, kwa kuwa ndizo zitakazokatika. Nyoofu ya M10 na M12 kwa ajili ya kasti. Za kubinya ningeziacha mpaka nipate mteja wa alumini anayerudi kila mwezi. M16 na kuendelea ningenunua siku kazi inapoingia, na kumtoza mteja bei yake ndani ya kazi, kwa sababu tapu kubwa iliyokaa droo miaka miwili inaliwa na kutu ya hewa ya pwani hata kama ina kobalti.

Kila moja iwe na kibomba chake cha plastiki, na juu yake andika kwa wino mzito: TUNDU WAZI au KITAKO. Kijana mpya asilazimike kuzikagua ncha saa kumi na moja jioni, mteja akiwa amesimama mlangoni.